Madaftari Ishirini na Mawili

Ukiacha wafalme na watu waliowahi kufikishwa mahakamani, hakuna aliye rahisi kumtafuta katika Uingereza ya kale kama kasisi wa kijijini. Kibarua wa shambani huonekana kwenye karatasi mara tatu: akibatizwa, akioa, akizikwa. Kasisi yuko kila ukurasa, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kanisa liwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tangu 1598 nakala za madaftari hayo zilipelekwa kwa askofu kila mwaka. Anayeandika habari za wenzake hujiandika mwenyewe bila kukusudia, na sahihi ya kasisi iko chini ya kila ndoa aliyoifungisha. Ongeza hapo vitabu vya wanafunzi wa Oxford na Cambridge, hati za askofu za kumwekea mikono, sensa ya kila miaka kumi ambayo tangu 1841 inataja majina, orodha ya makasisi iitwayo Crockford iliyoanza kuchapishwa 1858, na faharasa ya wosia iliyoanza mwaka huo huo. Mtu mwenye subira anaweza kumpata kasisi wake kabla chai haijapoa, tangu kuzaliwa hadi kaburini.

Tumchukue mmoja. Robert Francis Kilvert alizaliwa tarehe 3 Desemba 1840 katika kijiji cha Hardenhuish, karibu na mji wa Chippenham, kaunti ya Wiltshire. Alisoma chuo cha Wadham, Oxford. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1863 na kasisi mwaka 1864, akamsaidia baba yake, ambaye naye alikuwa kasisi, huko Langley Burrell. Kuanzia 1865 hadi 1872 alikuwa kasisi msaidizi wa Clyro, ndani kidogo ya mpaka wa Wales, ng'ambo ya mto Wye ukitokea mji wa Hay. Akarudi kwa baba yake. Mwaka 1876 akapewa mtaa wake wa kwanza, St Harmon, kwenye vilima vya Wales, na mwaka uliofuata akahamia Bredwardine, kaunti ya Herefordshire, kwenye ukingo wa Wye ule ule. Alioa tarehe 20 Agosti 1879. Akafa tarehe 23 Septemba 1879, akiwa na umri wa miaka 38.

Hayo yote yamo katika hati za serikali na za kanisa, na hakuna lililofichwa. Lakini bado hujui kama alikuwa mtu wa kucheka. Hujui alimpenda nani kabla ya huyo aliyemwoa, wala kwa nini mtoto wa kasisi, msomi wa Oxford, alifika miaka 35 hana mtaa wake mwenyewe. Hati zinakupa mifupa. Nyama iko mikononi mwa familia, nayo familia ina haki ya kukupa au kukunyima. Kwa Kilvert ilifanya yote mawili.

Tunamjua kwa sababu kuanzia Januari 1870 hadi Machi 1879 aliandika shajara. Hakuwa na sababu kubwa ya kuandika, na wala hakuwa mtu mashuhuri. Alitembea maili nyingi kwa miguu kwenda kuwaona wagonjwa na wazee, akarudi usiku kwenye vyumba alivyopanga katika nyumba iitwayo Ashbrook, akaandika. Daftari la ubatizo litakuambia jina la mtoto, la baba, la mama na kazi ya baba. Shajara inakuambia kwamba siku moja ya Februari 1870 baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mtoto alibatizwa kwa maji yenye vipande vya barafu vikielea ndani ya birika. Mimi nimesoma madaftari mengi ya ubatizo ya nchi ile, kwa nakala zake zilizopigwa picha, na katika mistari yake yote iliyonyooka sijaona mahali palipotengwa kwa ajili ya barafu.

Kisha kuna watu wa Clyro. Yuko mzee John Morgan, askari aliyepigana Hispania katika vita dhidi ya Napoleon, ambaye alimsimulia kasisi habari za mbwamwitu waliozurura kwenye milima ya huko, na kasisi naye akainama kumsaidia kuchimba viazi bustanini. Yuko Hannah Whitney, bibi aliyejua hadithi za majini na viumbe wa usiku, aliowasikia kwa wazee waliomtangulia. Watu hao katika sensa ni umri na kazi tu. Katika shajara wana sauti. Wanahistoria wa Wales wanaitumia leo kama ghala la maisha ya maskini wa mpakani, ingawa mwenyewe hakudhani anaandika historia ya mtu yeyote.

Sasa turudi nyuma kwa ukoo wenyewe, maana hapo ndipo shida za Francis zilipoanzia. Babu yake, ambaye naye aliitwa Francis Kilvert, alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi mjini Bath. Ilikuwa biashara nzuri, kwa kuwa matajiri wa Uingereza walikuwa wakifurika Bath kuoga maji ya moto na kutafuta wachumba. Kisha benki ikaanguka mwaka 1793, na mali ya familia ikaondoka nayo. Kilichobaki ni elimu. Mtoto mmoja, Francis wa pili, akawa mwalimu na mtafiti wa mambo ya kale, akafungua shule Bath. Mwingine, Robert, baba wa kasisi wetu, akaenda chuo cha Oriel, Oxford, akawa kasisi. Kwa vizazi viwili familia ikapanda kutoka karakana hadi kwenye mimbari, lakini ilipanda bila fedha mfukoni. Katika Uingereza ya wakati ule huo ni unyonge wa namna yake: unakaribishwa kula kwa wakubwa, unacheza nao, unavaa kama wao, na nyumbani unahesabu mishumaa.

Robert alioa vizuri. Mkewe, Thermuthis Coleman, alikuwa na damu ya ukoo wa Ashe, wenye ardhi ya Langley Burrell. Jina hilo la Thermuthis si la kawaida, na ni neema kubwa kwa mtafuta nasaba: anayemfuatilia Mary Smith atazeeka, lakini anayemfuatilia Thermuthis hapotei njia. Binti mmoja alirithi jina hilo, ndugu zake wakamwita Thersie. Waliofuata ni Francis, Emily, Frances, Edward na Dora.

Ili kulisha watoto sita Robert aliendesha shule ya bweni nyumbani kwake Hardenhuish. Hapa tuna mashahidi wawili, nao hawakubaliani. Emily, aliyeolewa na daktari wa jeshi, Samuel Wyndowe, akaishi naye India, aliandika kumbukumbu za utotoni zilizojaa furaha: bustani, baba mpole, nyumba yenye kicheko. Augustus Hare, mwandishi aliyekuwa mwanafunzi wa shule ile, anamkumbuka mwalimu mwenye hasira za ghafla na fimbo iliyo karibu siku zote. Sioni haja ya kuchagua mmoja. Binti alimwona baba sebuleni, mwanafunzi akamwona darasani, na wanaume wa aina hiyo hatujawakosa kwenye shule zetu pia. Muhimu kwa mtafutaji ni kwamba shajara ya mtoto wa kiume haina fimbo ile. Francis alimheshimu baba yake mpaka mwisho, na heshima hiyo inamfanya kuwa shahidi mbovu katika shauri hili.

Mwaka 1855 Robert akapewa mtaa wa Langley Burrell. Aliyempa ni mwenye ardhi, Robert Ashe, jamaa wa mkewe. Mfumo huu unahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa bila huo maisha ya kasisi yeyote wa Uingereza hayaeleweki. Mtaa ulikuwa mali. Haki ya kumteua kasisi ilimilikiwa na askofu, au chuo, au mara nyingi tajiri wa kijiji, naye aliweza kuirithisha au hata kuiuza. Kasisi akishateuliwa, mtaa ulikuwa riziki yake mpaka afe au ajiuzulu, na ilikuwa kazi kubwa kumtoa. Kipato chake kilitokana na zaka za mazao, ambazo sheria ya mwaka 1836 ilizigeuza kuwa malipo ya fedha, pamoja na shamba la kanisa. Mitaa mingine ililipa zaka zote kwa kasisi. Mingine, iliyokuwa chini ya watawa kabla Henry VIII hajazifunga nyumba zao, ilikuwa imepoteza zaka kubwa za nafaka, nazo zikaangukia mikononi mwa matajiri. Kasisi wa hapo alibakiwa na zaka ndogo za kondoo, mboga na matunda. Ndiyo maana makasisi wawili majirani, wenye elimu ile ile na kanzu ile ile, waliweza kuishi mmoja kama bwana na mwingine kama karani.

Kasisi msaidizi alikuwa chini ya wote hao. Hakuwa na mtaa, alilipwa mshahara mdogo na kasisi mwenye mtaa, na aliweza kubaki hivyo maisha yake yote. Francis alikuwa msaidizi kwa miaka 13.

Septemba 1871 alimpenda Daisy Thomas. Baba yake Daisy, William Jones Thomas, alikuwa kasisi wa Llanigon, jirani na Hay, lakini kasisi mwenye mali, anayeishi katika jumba la Llanthomas lenye bustani na mabinti kadhaa. Kilvert akaenda kumwomba. Alikwenda kama kijana wa heshima anavyopaswa kwenda, kwa baba kwanza, na shajara inasimulia mazungumzo yale kwa uchungu unaosomeka hadi leo. Mzee alimpokea kwa upole, akamsifu, kisha akamweleza kwamba asimfikirie binti mpaka awe na mtaa unaoeleweka. Wakati huo, kwa kukiri kwake mwenyewe, Kilvert alikuwa na sarafu moja tu ya dhahabu ya pauni moja, nayo ilikuwa ya deni. Mzee hakuwa katili. Alikuwa amepiga hesabu ambayo baba yeyote wa tabaka lake angeipiga. Daisy hakuolewa na yeyote. Alifariki mwaka 1928.

Mwaka uliofuata Kilvert aliondoka Clyro. Kasisi wake, Richard Lister Venables, naye akajiuzulu, na kwa muda palikuwa na tumaini kwamba msaidizi aliyependwa na watu angepewa mahali pale. Alipewa mwingine. Kwa hiyo miaka minne iliyofuata ni ya Langley Burrell, nyumbani kwa baba, chini ya kivuli cha Robert Ashe, ambaye aliuchukulia uimbaji kanisani kama sehemu ya shamba lake na kuingilia nani aongoze nyimbo na kwa chombo gani. Anayedhani kasisi wa kijijini alikuwa mfalme mdogo na asome kurasa hizo.

Agosti 1874, kwenye harusi ya jamaa, alikutana na msichana aitwaye Katharine Heanley, kutoka kijiji cha Croft katika nyanda za mabwawa za Lincolnshire, karibu na bahari. Hapo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuinua kichwa. Mwendo mfupi tu kutoka Croft kuna Little Steeping, mtaa aliopewa mwaka 1858 kasisi mmoja aitwaye Edward Steere, na jirani yake kuna Burgh le Marsh, mtaa wa William Tozer. Tozer alifanywa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati mwaka 1863, Steere akafuatana naye, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja. Mwaka ule ule wa 1870 ambao Kilvert alifungua daftari lake la kwanza, Steere alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alikufa Unguja mwaka 1882, akiwa askofu, na yuko Mkunazini katika kanisa kuu alilolijenga. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1888, na mwandishi wake ni kasisi R. M. Heanley, kutoka nyanda zile zile za mabwawa. Tabaka la makasisi wa vijijini lilikuwa dogo namna hiyo. Waliozeana, walisoma pamoja, walipeana mitaa, na ukivuta uzi wa mmoja kando ya mto Wye unashangaa kuona mwisho wake umefungwa Forodhani.

Kwa Katharine nako hakukuwa na ndoa. Kisha akaja Ettie Meredith Brown, mwaka 1875, na hapo moyo ulishika moto kweli. Masika ya 1876 mama yake Ettie aliandika kutaka barua kati yao zikome. Sababu ni ile ile.

Mtaa ulipopatikana hatimaye, mambo yalikwenda haraka. St Harmon ulikuwa wa mbali na wa baridi, akakaa muda mfupi. Bredwardine ulikuwa na nyumba nzuri juu ya mto, na maskini waliompenda. Tarehe 20 Agosti 1879 alimwoa Elizabeth Rowland katika kijiji cha Wootton, karibu na Woodstock, Oxfordshire. Fungate walikula Uskoti. Walirudi Bredwardine mwezi Septemba wakapokewa kwa shangwe, na siku chache baadaye akashikwa na maumivu ya tumbo. Utando wa ndani ya tumbo ulikuwa umevimba kwa maambukizi, ugonjwa ambao madaktari wa wakati ule hawakuwa na dawa wala upasuaji wa kuutibu kwa uhakika. Ndoa ilidumu siku 34. Elizabeth alirudi kwao, hakuolewa tena, akaishi miaka 32 ya ujane. Alipofariki mwaka 1911 aliletwa Bredwardine azikwe, lakini ubavuni pa mumewe hapakuwa na nafasi: mabibi wawili wa ukoo wa Newton, waliokuwa waumini na marafiki zake, walikuwa wamekwisha kulala mmoja kila upande. Mjane akazikwa sehemu nyingine ya makaburi.

Yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa madaftari, na inaaminika ndiye mharibifu wa kwanza. Shajara ina mapengo mawili makubwa: kuanzia Septemba 1875 hadi Machi 1876, na kuanzia Juni 1876 hadi Desemba 1877. Pengo la kwanza linaangukia siku za mapenzi ya Ettie. La pili linaangukia miezi ambayo Elizabeth mwenyewe pengine alianza kutajwa. Waliosoma maisha haya kwa makini wanaona mkono wa mjane hapo, na mimi naona hivyo pia. Simlaumu. Mwanamke aliyekuwa mke kwa wiki tano ana sababu ya kutopenda kusoma miaka ya wanawake waliomtangulia.

Yaliyobaki yakakaa ndani ya ukoo. Mwaka 1937 mpwa wake Kilvert, Perceval Smith, mtoto wa Thersie, aliyapeleka kwa mchapishaji Jonathan Cape mjini London. Yalikuwa 22. Aliyepewa kuyasoma ni William Plomer, mshairi na mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Afrika Kusini, naye akatambua mara moja alichoshika. Alichagua kiasi cha theluthi moja, kikatoka kwa juzuu tatu mwaka 1938, 1939 na 1940. Vita ilikuwa imeanza, na Waingereza walioishi kwa kusikiliza ving'ora walisoma kwa kiu habari za vijiji ambavyo kelele kubwa kuliko zote ilikuwa kengele ya kanisa.

Kuna kurasa zinazomkera msomaji wa leo, na mwandishi wa maisha ya Kilvert hana budi kuzitaja. Alivutiwa na uzuri wa wasichana wadogo, wengine watoto wa shule, akawasifu kwa maneno ambayo hakuna mzazi wa sasa angeyavumilia kutoka kwa kasisi wa mtoto wake. Wako wanaosema zama zile ziliona usafi pale ambapo sisi tunaona hatari. Huenda kwa kurasa kadhaa ni kweli. Kwa nyingine utetezi huo haunitoshi, na nadhani tungekuwa na uamuzi ulio thabiti zaidi, kwa kumtetea au kumshutumu, kama tungeweza kusoma madaftari yote.

Hatuwezi. Baada ya Perceval, madaftari yalimwendea dada yake, Essex Hope, na katika miaka ya 1950 bibi huyo mzee aliyaangamiza karibu yote, akieleza kwamba analinda mambo ya ndani ya familia. Machache aliyokuwa ameyagawa kabla ya hapo ndiyo yaliyopona: matatu. Mawili yako Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, na moja Chuo Kikuu cha Durham. Yote matatu ni ya mwaka 1870, kati ya Aprili na Agosti. Kwa hiyo kijana wa miaka 29 anayepanda vilima vya Clyro tunaweza kumsoma bila mkato wa mhariri, lakini kasisi wa Bredwardine, mwenye mtaa wake na nyumba yake juu ya mto, tunamjua kwa zile kurasa tu ambazo Plomer aliamua zinafaa kuchapwa, nazo zinaishia Machi 1879, miezi mitano kabla ya harusi.

Tangu 1948 kuna Chama cha Kilvert, ambacho wanachama wake wamekuwa wakijaza mapengo kwa njia ile tuliyoanza nayo: madaftari ya kanisa, sensa, wosia, magazeti ya Hereford, kumbukumbu za baba na za Emily ambazo chama chenyewe kilizichapisha. Wamewapata karibu watu wote waliotajwa katika shajara, pamoja na vijakazi na vibarua, nani aliolewa na nani na amezikwa wapi.